Mtoto wa Kumi

Kila mwaka, baridi inapoondoka na majani yakaanza kuchipua, katika miji mingi ya Marekani hutundikwa karatasi kwenye uzio wa uwanja wa mchezo. Karatasi yenyewe haina makuu: ni majina tisa, na mbele ya kila jina pametajwa mahali pa kusimama. Watoto wa miaka tisa, kumi, kumi na miwili hukusanyika mbele yake, kila mmoja akilitafuta jina lake kwa jicho linalojifanya halitafuti kitu. Wapo wanaoliona wakaruka kwa furaha. Na yupo anayeisoma karatasi kutoka juu hadi chini, akairudia kutoka chini hadi juu, kisha akaliendea begi lake na kuinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwishafungwa. Huyo ndiye mtoto wa kumi, na swali la makala haya ni lake.

Mchezo wenyewe ni besiboli, jamaa wa kriketi ambayo watu wa pwani waliiona ikichezwa Unguja na Mombasa tangu zama za ukoloni. Timu huweka uwanjani watu tisa. Mmoja hurusha mpira. Mmoja huchuchumaa nyuma ya mpigaji tayari kuudaka. Wanne hulinda vituo na mapengo yaliyo baina yake. Watatu husimama mbali, kwenye majani, wakingoja mipira iliyopigwa juu. Nafasi hizo hazina heshima sawa. Mrushaji hutazamwa na kila mtu. Anayepelekwa mbali upande wa kulia, katika timu za watoto, aghalabu ni yule anayedhaniwa dhaifu, kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia na mipira yao huelekea zaidi upande wa pili. Hakuna anayewaambia watoto jambo hili, na hakuna mtoto asiyelijua.

Basi ni nini kinachompa mtoto haki ya kuwa miongoni mwa hao tisa wanaoanza? Na yule aliyebaki nje, je, amenyang'anywa kitu kilichokuwa chake, au amekosa tu kitu ambacho hakikuwa cha mtu yeyote? Swali hili ni dogo kwa umbo. Lakini linapoulizwa juu ya kiti cha hakimu, nafasi ya chuo au dhamana ya uongozi, watu wazima hulitetemekea. Na huenda namna walivyolijibu walipokuwa watoto, uwanjani, ndiyo namna wanayolijibu maisha yao yote.

Jawabu kongwe kuliko yote limo katika kitabu cha tatu cha Siasa cha Aristotle. Zikiwapo zumari zilizo bora na wapigaji wengi, apewe nani? Aristotle hakusema apewe mwenye nasaba, wala mwenye uzuri, ingawa alikubali kwamba nasaba na uzuri huenda vikawa neema kubwa kuliko ufundi wa kupiga zumari. Alisema apewe anayeipiga vizuri zaidi, kwani zumari imeundwa ili ipigwe, si ili imheshimu mtu. Mtu wa pwani hana haja ya kusafiri hadi Ugiriki ili alielewe hilo. Siku ya mashindano ya ngalawa, usukani hukabidhiwa anayeujua upepo. Na katika kikundi cha taarab, fidla haishikwi na mwenye jina, hushikwa na mwenye vidole. Chombo chenyewe, kwa jinsi kilivyo, humchagua wake.

Jawabu hili lina nguvu, na nguvu yake huonekana pale linapovunjwa. Makocha wengi wa timu za watoto huko Marekani ni wazazi waliojitolea, na mara nyingi mwana wa kocha yumo kikosini. Basi mwana akipewa nafasi ya mrushaji na hali mpira wake haufiki, wenziwe hawaumii kwa sababu ya kushindwa tu. Huumia kwa kuwa wameonyeshwa, wakiwa bado wachanga, kwamba mizani ina kidole cha mtu juu yake. Na mwana mwenyewe hudhulumiwa zaidi kuliko wote, maana siku atakayorusha vizuri kweli, hapatakuwa na atakayeamini, naye mwenyewe hatakuwa na hakika.

Hata hivyo, mtu akiitazama karatasi ile kwa muda mrefu kidogo, ataona kwamba neno 'bora' halikusimama peke yake. Mashirika ya michezo ya watoto hugawa makundi kwa umri, na umri huhitaji tarehe ya mpaka. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, katika besiboli ya watoto ya Marekani, tarehe hiyo ilikuwa 31 Julai. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Agosti na yule aliyezaliwa 31 Julai ya mwaka uliofuata walihesabiwa kuwa marika, ingawa mmoja alimzidi mwenziwe kwa karibu miezi kumi na miwili. Kwa mtu wa miaka arubaini, miezi hiyo si kitu. Kwa mtoto wa miaka kumi ni urefu wa kichwa, upana wa bega na kasi ya mguu. Wa Agosti alionekana ana kipaji. Akawekwa mbele, akacheza zaidi, akafundishwa zaidi, akawa bora kweli. Wa Julai alionekana mzito. Akakaa benchini, na benchi ikamfundisha uzito. Watafiti walipokuja kuhesabu, waliona kwamba miongoni mwa wachezaji wa kulipwa waliozaliwa Marekani, waliozaliwa Agosti waliwazidi kwa wazi waliozaliwa Julai.

Ongeza juu ya hayo mkoba wa baba. Yuko mtoto anayelipiwa mwalimu wake binafsi, timu ya kusafiri, na ukumbi wa ndani wa kufanyia mazoezi wakati theluji imefunika uwanja. Yuko mwengine ambaye glovu yake ni ile aliyoiacha kaka yake. Siku ya majaribio wote wawili hurushiwa mipira kumi, na kocha mwadilifu kabisa huandika alichokiona. Hakudanganya. Lakini alichokiona si mtoto peke yake. Ameona pia mwezi aliozaliwa, na mji aliokulia, na saa za kazi za mama yake.

Mwanafalsafa John Rawls wa Marekani, katika kitabu chake kikubwa juu ya haki kilichotoka mwaka 1971, aliipeleka hoja hii hadi mwisho wake. Hakuna mtu, alisema, aliyestahiki vipaji alivyozaliwa navyo, wala hakuna aliyestahiki kuzaliwa katika nyumba aliyozaliwa. Hata moyo wa kujitahidi, ambao watu huuona kuwa ni mali ya mtu binafsi, hutegemea kwa sehemu kubwa malezi na hali ambazo mtu hakuzichagua. Mwenye kuikubali hoja hii yote ataitazama karatasi ya majina tisa kama matokeo ya bahati nasibu yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Lakini hapa pana jambo linalokataa kunyamaza. Nalo ni mtoto aliyesimama peke yake jioni, akiurusha mpira ukutani na kuudaka, mara mia, mara mia mbili, mpaka mama yake anamwita mara ya tatu. Mtaka cha mvunguni huinama, na huyu ameinama. Kumwambia mtoto huyu kwamba hata kuinama kwake si kwake, kwamba ni mapato ya malezi tu, ni kumvua nguo ya pekee aliyoishona mwenyewe. Hoja ya Rawls haikuwa na nia ya kumdharau. Ilikuwa ni hoja juu ya namna nchi igawavyo mali na fursa, wala haikuandikwa kwa ajili ya benchi la watoto. Uwanjani, juhudi ina mtu, na mtu huyo ana jina.

Basi pande mbili zimesimama, na kila moja ina haki yake. Juhudi ni ya mtoto kweli. Bahati nayo imo ndani ya juhudi hiyo kweli. Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba lazima mmoja ashinde ndipo nafasi igawiwe. Pengine kosa liko mbele zaidi ya hapo: katika kuidhania nafasi kuwa ni malipo. Mtoto arushaye mpira ukutani hanunui nafasi kwa jasho, kama anunuaye samaki sokoni, ili baadaye aseme amelipa na hakupewa bidhaa. Mwengine naye alikuwa na ukuta wake mtaa wa pili, na jasho lake lilikuwa chumvi ile ile. Wakiwa kumi waliolipa na nafasi ni tisa, ama kuna mmoja aliyeibiwa, ama jasho halikuwa bei.

Kwa hakika halikuwa bei. Nafasi ni ya mchezo. Mchezo huikopesha kwa anayeifaa leo. Kisicho cha mchezo, kilicho cha mtoto mwenyewe wala hakikopeshwi, ni kupimwa: kutazamwa na jicho lisiloamua kabla ya kuona, kwa mizani ile ile waliyowekwa wenziwe, na kupewa tena siku nyengine ya kupimwa. Mtoto hana haki ya kuwa wa tisa. Ana haki ya kwamba, akiwa wa kumi, awe wa kumi kwa kweli.

Historia ya mchezo huu inaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi unaouma. Shirika la Little League lilianzishwa mwaka 1939 na Carl Stotz katika mji wa Williamsport, jimbo la Pennsylvania, kwa timu tatu tu za watoto wa mtaani. Mwaka 1955 watoto weusi wa Charleston, South Carolina, waliokuwa wakicheza chini ya YMCA ya mtaa wa Cannon, walijiandikisha kwa mashindano ya jimbo lao. Timu za watoto weupe zilijitoa zote. Wazazi na viongozi wao hawakutaka wakutane uwanjani. Watoto wale wakawa mabingwa bila ya kupiga mpira hata mmoja. Ndipo likaja pigo la pili: kwa kuwa kanuni zilitaka timu ifike mbele kwa kushinda uwanjani, wao waliofika kwa wenzao kujitoa hawakuruhusiwa kuendelea. Walialikwa Williamsport kama wageni. Walikaa jukwaani, wakatazama, na watu wengi waliokuwapo wakapaza sauti kutaka watoto waachwe wacheze. Hawakuachwa. Watoto wale hawakushindwa, na hapo ndipo ulipo uchungu wao. Anayeshindwa hurudi nyumbani na jawabu. Wao walirudi na swali, wakazeeka nalo.

Mwaka 1972, huko Hoboken, New Jersey, msichana wa miaka kumi na miwili aitwaye Maria Pepe alipimwa na kocha wake, akafaa, akapewa mpira arushe. Alicheza mechi tatu. Shirika likatishia kuinyima timu yake idhini, kwani kanuni za wakati huo ziliwataka wavulana tu, naye akatolewa. Kesi iliendeshwa, na hukumu ikawa kwa upande wa wasichana; mwaka 1974 Little League ikawafungulia mlango. Yeye kwa wakati huo alikuwa amekwishavuka umri. Mlango alioufungua hakuupita. Miaka arubaini baadaye, mwaka 2014, msichana wa Philadelphia, Mo'ne Davis, alirusha mchezo mzima katika mashindano makubwa ya Williamsport bila ya wapinzani kupata hata alama moja, na Marekani nzima ikamshangilia. Haki ya kupimwa ina tabia hiyo: mara nyingi hulipwa kwa asiyeidai, baada ya aliyeidai kukua.

Na Afrika Mashariki nayo imo katika kisa hiki. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda yao, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kuipata nafasi ya kwenda Williamsport. Hawakwenda, viza zilikataliwa kwa sababu ya hitilafu katika hati za umri. Hapa jambo si jepesi kama la Charleston, kwani umri ni jiwe la mizani, na mizani isiyo na mawe ya kweli huwadhulumu wote: miaka kumi kabla ya hapo, timu moja ya Bronx, New York, ilifutiwa ushindi wake ilipogunduliwa kuwa mrushaji wake, aliyewashangaza watu, alikuwa na miaka kumi na minne katika mchezo wa watoto wa miaka kumi na miwili. Lakini ni kweli vile vile kwamba mtoto hajiandikii cheti cha kuzaliwa. Watoto wa Kanada waliokuwa wakutane na wale wa Kampala hawakuridhika kuachiwa nafasi tupu. Mwanzoni mwa mwaka 2012 walisafiri mpaka Uganda, wakacheza nao. Mechi hiyo haikuwa na kombe, wala haikubadilisha orodha yoyote. Ilikuwa ni kupimana tu, na watoto walionekana kuelewa, kuliko wakubwa wengi, kwamba kupimana ndiko kulikokuwa kumepotea. Agosti ya mwaka huo huo, timu nyengine ya Uganda, ya Lugazi, ilifika Williamsport.

Yote hayo yanamfanya mtoto wa kumi, yule wa kwenye uzio, aonekane kwa sura nyengine. Ikiwa amepimwa kwa haki, hakudhulumiwa. Na kumwambia kwamba amedhulumiwa, kama wafanyavyo wazazi wengi garini wakati wa kurudi nyumbani, ni kumpa sumu kwa kijiko cha huruma. Lakini kutodhulumiwa si sawa na kutodaiwa kitu. Little League yenyewe imelikiri hilo katika kanuni zake: kila mtoto wa timu aliyehudhuria lazima aingie uwanjani kwa sehemu fulani ya mchezo, na apate zamu ya kupiga angalau mara moja. Kanuni hiyo haimfanyi wa kumi kuwa wa tisa. Inasema kwamba mtoto aliyekuja ana deni analowadai wakubwa, nalo ni kuendelea kupimwa. Maana anayekaa benchini msimu mzima amepimwa mara moja tu, tena siku ambayo huenda alikuwa na miezi kumi na moja pungufu.

Japani ina ada nyengine. Mashindano ya shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1915 na ambayo tangu mwaka 1924 huchezwa katika uwanja wa Koshien, huruhusu kila shule kuorodhesha wachezaji wachache tu, na shule kubwa zina vijana wengi mno kuliko nafasi. Wengi hujizoeza miaka mitatu, alfajiri na jioni, kisha msimu wao wa mwisho wakauishia jukwaani, wamevaa sare, wakiimba kwa ajili ya wenzao. Wapo wanaouona huu kuwa ukatili, na wapo wanaouona kuwa shule ya moyo. Pengine ni vyote viwili. Kijana anaweza kweli kuupata utu wake jukwaani, akaimba bila ya husuda. Lakini hilo ni zawadi anayoitoa yeye, wala hapana kocha mwenye haki ya kulidai kwake kama ada. Tanzania, ambako mchezo huu umefundishwa katika baadhi ya shule za sekondari tangu miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani, bado iko mwanzoni, na ina nafasi ya kuchagua itachukua lipi na itaacha lipi.

Yamebaki ya wale tisa, kwani nao wana lao la kujifunza. Tarehe 2 Juni 1925 kijana Lou Gehrig alianza mchezo wa timu ya Yankees ya New York mahali pa Wally Pipp, mlinzi wa kituo cha kwanza aliyekuwa na jina. Pipp hakuirudisha tena nafasi yake. Gehrig alicheza mechi 2,130 mfululizo bila ya kukosa hata moja, na kama yuko mtu aliyeweza kusema nafasi ni yake, ni yeye. Kufikia mwaka 1939 mwili ulikuwa umeanza kumwasi kwa maradhi ambayo bado hayakuwa na jina mdomoni mwake. Tarehe 2 Mei, mjini Detroit, alimwendea meneja wake na kumwomba amtoe. Hakuna aliyemfukuza, huenda hakuna aliyethubutu. Kisha, kwa kuwa alikuwa nahodha, alitoka uwanjani mwenyewe na kumpelekea mwamuzi karatasi ya majina tisa, na jina lake halimo. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, miaka kumi na sita kamili tangu siku aliyokipokea kituo kile.

Cheo ni dhamana, watu husema, na mara nyingi husema kwa mdomo tu. Gehrig alisema kwa miguu. Alielewa kwamba alichokishika miaka kumi na minne kilikuwa cha mwengine kabla yake, na kitakuwa cha mwengine baada yake, na kwamba siku ya kukirudisha ni sehemu ya kukistahiki. Mtoto aliyeliona jina lake kwenye uzio akaruka, aachwe aruke. Furaha yake ni halali. Lakini aambiwe pia, kwa upole na kwa wakati wake, kwamba mahali aliposimama pana nyayo za mwengine, na kwamba yupo mwenziwe anayefunga kamba za viatu pembeni ambaye kesho huenda akasimama hapo.

Na kocha? Wapo wanaoitundika karatasi kisha wakaondoka upesi kuelekea garini, wasije wakakutana na jicho la mtu. Huo ndio mtihani wa karatasi yenyewe. Iliyoandikwa kwa haki, aliyeiandika huweza kusimama karibu nayo mpaka wa mwisho amesoma, akamwendea mtoto wa kumi, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akamwambia bila ya kumdanganya kile alichokiona na kile ambacho bado hajakiona, na siku atakayomtazama tena.

Mtoto huenda akalia. Lakini atajua amelilia nini, na Jumamosi atarudi na glovu yake.